Karani wa Baba Anachelewa

Jirani alikuwa ameshamaliza kisa cha mumewe, aliyeita fundi wa friji kumbe waya haukuwa umechomekwa ukutani. Tulicheka tukamaliza. Akahamia kwenye habari za dada yake anayesubiri kufanyiwa upasuaji, na alikuwa anatueleza jinsi daktari alivyowaambia ukweli bila kuwaficha, ndipo baba akaangua kicheko.

Kilikuwa kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, na kilihusu friji. Maneno ya friji ndiyo kwanza yalikuwa yamemfikia. Jirani alibaki kinywa wazi. Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Baba akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, akafuta mdomo kwa kiganja, akainuka. Aliingia chumbani na kufunga mlango polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto mchanga.

Baba hasikii. Maisha yake yote ya kazi aliendesha majenereta ya hospitali, na masikio yake aliyaacha hukohuko, kidogokidogo, hata hakujua yamekwisha lini. Kuongea anaongea vizuri, ila kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kusikia ndiyo basi. Vile vifaa vya kuvaa sikioni alivijaribu, akasema vinamletea kelele bila maneno.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilichukua kompyuta mpakato moja ya zamani, nikaisafisha, nikaiwekea mfumo mwepesi na programu inayosikiliza watu wakiongea na kuandika kila neno kwenye kioo kwa herufi kubwa. Nikaiweka kwenye ncha ya meza, mbele ya kiti cha baba. Mama akaibatiza jina la Karani, kwa sababu haina kazi nyingine ila kuandika maneno ya watu. Na baba, ambaye kwa miaka alikuwa anakula haraka na kuondoka, akarudi kukaa mezani. Alianza kubisha tena. Alianza kumkatiza mama katikati ya sentensi, na mama akawa anakasirika kwa furaha.

Kisha Karani akaanza kuchelewa. Mwanzoni neno moja au mawili, baadaye sentensi nzima, mpaka tukafika kwenye kile kicheko.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba ameikunja mashine, ameizungushia waya wake vizuri.

"Ichukue, mwanangu," akasema. "Itamfaa mtu mwingine."

Niliifungua, nikaiwasha, nikasema mbele yake, "Kaka anakuja Jumapili."

"Najua. Nitakuwa nimepumzika chumbani. Nyie ongeeni."

Kaka yangu anafanya kazi mbali na huja mara chache. Ni mtu wa maneno. Akisimulia alivyonunua sabuni utadhani alivuka mpaka kwa magendo. Hakuna anayependa visa vyake kuliko baba. Yaani baba alikuwa amekubali mwanawe aje, aongee, aondoke, na yeye asiambulie hata neno. Iliniuma, nami nikiumia huwa nakasirika.

"Nipe mpaka Jumapili," nikasema.

Alinitazama, akainua mabega. "Haya. Tafuta."

Mama, akipita na ndoo, akasema, "Si imechoka tu hiyo? Ni ya zamani."

Hapo nitaje kisirani changu: mtu akiniambia mashine imechoka, damu inanichemka. Mashine haichoki. Mashine inafanya ilichoambiwa, na shida yote ni kujua imeambiwa nini na nani.

Niliibeba mpaka kwenye chumba changu cha kazi, nikaiweka kati ya printa iliyofunguliwa tumbo na rundo la chaja za watu. Nikaiwasha, nikaiongelesha. Ikaandika kabla sijafunga mdomo. Nikawasha redio, ikafuatana na msomaji wa habari bega kwa bega. Nikaizima, nikairudisha nyumbani, nikaiwasha mbele ya mama, ikaandika vizuri vilevile. Mama akanitazama kwa lile jicho la kusema, na hiyo ndiyo kazi yako?

Nilipopita tena jioni, ilikuwa inajikokota.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haiendi kwa kasi moja siku nzima. Ikipata kazi inaongeza kasi, ikikaa bure inapunguza, ili isimalize umeme na isichemke. Ndani ya mfumo kuna sehemu ndogo inayoamua hayo, na inaitwa gavana. Siku ya kwanza nilipomweleza baba jambo hili alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Jenereta nazo zina gavana, na kazi ni ileile: mzigo ukizidi anaongeza mafuta, ukipungua anapunguza. Alinilazimisha nimfungulie dirisha lenye namba zake, akavuta kiti, akakaa anazitazama zikipanda na kushuka tulipokuwa tunaongea. "Kumbe na huyu anahema," alisema. Siku ile nilitoka pale nimevimba kichwa. Si kila fundi ana baba wa kumwelewa.

Sasa nilifungua dirisha lilelile. Prosesa ilikuwa imegota chini kabisa, kama lori lililosahauliwa kwenye gia ya kwanza. Niliongea, namba haikupanda. Nikapiga makofi, nikaimba, mama akauliza kutoka jikoni kama nina akili timamu. Namba ilibaki palepale.

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni joto. Prosesa ikichemka hujipunguza yenyewe isije ikaungua. Nikaweka kiganja chini ya mashine, nikakuta ni baridi kama sahani. Na feni ilikuwa kimya. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mashine inayosikiliza meza nzima na kuandika haiwezi kuwa kimya hivyo. Ni sawa na kumkuta mtu ana gunia mgongoni na hatoki jasho. Baba alikuwa amekaa ananitazama nikipapasa, akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikadhani ananitia moyo.

Mshukiwa wa pili alikuwa chaja. Zipo kompyuta ambazo zisipoitambua chaja yake zinajibana zenyewe, zinaenda mwendo wa kujikokota. Nikaleta chaja nyingine, ile ya asili. Hakuna kilichobadilika. Nikaitoa betri nikairudisha. Wapi.

Nikamkagua gavana mwenyewe. Nilitegemea nimkute amewekwa kwenye hali ya kuokoa umeme, nimtoe, nimalize, niende nyumbani kwangu. Hapana. Gavana alikuwa kwenye amri ya kukimbia kwa nguvu zote. Nikakuna kichwa. Ndipo nikaona mstari ulio chini yake, ambao watu hawausomi: kikomo cha juu cha kasi. Kilikuwa kimeshushwa mpaka sakafuni. Gavana ameambiwa kimbia, halafu mlango umefungwa kwa nje.

Nikakipandisha kikomo. Feni ikaamka, ikaanza kuvuma, na maneno yakaja papo hapo. Nilijisikia mjanja sana. Nilimwambia baba, "Nimempata," akasoma, akasema, "Hongera," na sasa nikikumbuka, hakuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa masikio.

Siku iliyofuata kikomo kilikuwa kimeshushwa tena.

Nitasema ukweli, hapo ndipo hasira ilipoisha na udadisi ukaingia. Hitilafu inayokaa mahali pamoja inachosha. Hitilafu inayoondoka na kurudi ni kama mgeni asiyebisha hodi. Unataka kuiona sura. Nilikwenda kazini nikiifikiria, nikamrudishia mteja mmoja chaja ya mteja mwingine, nikakimbizana naye mpaka kituoni.

Nikapata wazo la programu mbili zinazogombania umeme. Hutokea sana: moja inasema kimbia, nyingine inasema tulia, na kila moja inadhani ndiyo mwenye nyumba. Kweli nilikuta mbili. Nikaiondoa moja. Haikusaidia.

Nikarudi kwenye swali la kwanza kabisa: kwa nini kwangu inakimbia? Jibu lilinijia nikiwa nakung'uta vumbi kwenye kibodi ya mtu. Kikomo kile hakidumu. Mashine ikizimwa na kuwashwa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Na mimi kila nilipoichukua niliizima kwanza, nikaiwasha nikifika. Nilikuwa nafuta nyayo za mgeni kwa miguu yangu mwenyewe, kisha nalalamika kwamba haonekani.

Basi nikaacha kuibeba. Nikaiacha mezani ikiwa imewaka, nikakipandisha kikomo, na nikatega mtego. Niliuambia mfumo kwamba yeyote atakayegusa kikomo, iwe programu au nini, aandikwe. Nikaenda zangu kazini, na siku nzima nilikuwa kama mtoto aliyeambiwa kuna zawadi imefichwa.

Niliporudi alasiri, mama alikuwa jikoni anasugua sufuria, baba yuko barazani anachonga mpini mpya wa fagio. Kikomo kilikuwa chini. Nikafungua mtego.

Haikuwa programu. Ilikuwa akaunti ya mtu, iliyoingia mara tu baada ya chakula cha mchana, kwa neno la siri, ikaandika amri moja safi isiyo na kosa hata la nukta. Akaunti ile niliifungua mimi na kuipa jina mimi. Jina lenyewe ni "mzee".

Nilimbeba Karani mpaka barazani, nikamweka kwenye kigoda mbele ya baba, nikaonyesha mstari kwa kidole.

"Ni wewe, baba?"

Maneno yalikuja yakijivuta. Akasoma. Hakujaribu hata kujifanya hajui.

"Ni mimi."

"Siku zote hizi nahangaika, umekaa unaniangalia tu?"

Tukasubiri. Akasoma.

"Ulikuwa unafurahia," akasema. "Na ulikuwa unatafuta vizuri. Ulipoanza na joto, nikasema hapo sawa, huyu anajua kazi."

"Kwa nini lakini?"

Baba aliweka kisu chini. Alitazama upande wa jikoni, akajaribu kushusha sauti, na sauti ya baba ikishushwa inafika kwa jirani wa kwanza badala ya wa tatu.

"Siku moja mama yako alikuwa anaongea na jirani. Mimi nimekaa pale mezani, walishanisahau. Akasema tangu Karani aje nyumba inavuma tena, ni kama tumerudi kule hospitali tulikokuwa tunaishi, nyuma ya chumba cha jenereta. Nikaona limeandikwa. Nikalisoma."

Hilo kosa lilikuwa letu sote. Kwa miaka tulizoea kusema chochote mbele ya baba, tunamsema, tunasemea afya yake, tunabishana juu yake yeye akiwa palepale anamenya chungwa. Tukamletea masikio mapya, lakini midomo yetu tukaiacha na tabia yake ya zamani.

"Mimi hiyo feni siisikii," baba akaendelea. "Sijui inavuma kiasi gani. Ninachojua, mashine ukiipunguzia mwendo inatulia. Ulinionyesha mwenyewe, na amri yake nikainakili. Kwa hiyo nikaipunguza. Maneno yakaanza kuchelewa, nikasema nitazoea. Baada ya yale ya jirani nikaona siwezi kuzoea, na kelele siwezi kuirudisha. Kelele imenila masikio mimi. Sitaki nimletee mama yako nyingine uzeeni."

"Ungeniambia tu."

Akasoma. "Ningekwambia, ungekwenda kumgombeza mama yako."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshainuka nusu.

Lakini sikuhitaji kwenda popote. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu, na kwa jinsi baba anavyonong'ona alikuwa amesikia yote tangu mwanzo.

"Ulisoma?" akamuuliza.

Nikamgeuzia Karani. Tulisubiri neno lile moja lifike, na sijawahi kuona neno fupi likichukua muda mrefu hivyo.

"Si ndiyo kazi yake?" baba akasema.

Mama alikaa kwenye kizingiti. Alijifuta povu kwenye kanga polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nalalamikia kila kitu," akasema. "Nalalamikia jua. Nalalamikia mlango, huu hapa, tangu tuhamie. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunisikiliza. Ni wewe tu umeokota lalamiko moja ukalifanyia kazi." Akangoja baba asome mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo nilishangaa mashine iliipata, "Nilisema inavuma. Sikusema wewe utoke mezani."

Baba alisoma sentensi ile, akaisoma tena. Aliinamia mpini wake akaendelea kuchonga mahali ambapo palikuwa pameshachongwa. Nikajifanya naangalia namba.

Mama ndiye aliyeniuliza, "Sasa hakuna kati na kati? Lazima iwe mbio au iwe mgonjwa?"

Ipo, bila shaka. Ni jambo la kubadilisha namba moja. Mimi, fundi mzima, nilikuwa nakivuta kikomo juu kabisa, baba anakishusha chini kabisa, na hakuna kati yetu aliyewaza kusimama njiani.

Tukaingia ndani, tukakaa mezani sote watatu. Mimi nilishika kikomo. Mama alipewa kazi ya masikio na baba kazi ya macho. Ili pawe na maneno ya kutosha, mama alichukua pakiti ya sabuni ya unga, akawa anasoma maandishi ya nyuma kwa sauti, kwa heshima zote, kama anatoa hotuba. Tenganisha nguo nyeupe na za rangi. Usiruhusu iingie machoni.

"Bado," baba anasema. "Machoni imenifikia sasa hivi."

Napandisha kidogo. Mama anasoma tena kuhusu nguo nyeupe.

"Bado."

Napandisha. Feni ikaamka.

"Hapo inavuma," mama akasema.

Baba aliposoma hilo alinyanyua mkono tusimame. "Inavumaje?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba angependa kujua. Mama alitafuta neno, hakulipata. Akavuta mkono wa baba, akaulaza ubavuni mwa mashine, pale upepo wa feni unapotokea, akaukandamiza kwa mkono wake mwenyewe. Baba akafumba macho. Vidole vyake vilisogea kidogo, vikatulia, vikasogea tena.

"Hii?" akasema. "Hii ndiyo mmeiita jenereta? Hii haifiki hata pampu ya maji. Hii ni ndogo sana." Akafumbua macho, akamtazama mama kwa mashaka. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote," mama akasema. "Nilikuwa na hasira na kitu kingine siku ile. Hata sikumbuki ni kitu gani."

Baba alicheka, safari hii kwa wakati wake. Kisha fundi wa zamani akaamka ndani yake. Aliinua mashine, akachungulia chini, akasema hewa itapitaje hapo wakati imelala tumbo juu ya meza. Akatoka, akarudi na vipande vinne alivyokata kwenye ule mpini wa fagio, akaviweka chini ya kila pembe. Feni ikashuka sauti kabla sijagusa namba. Mama akasema sasa hivi inahema tu. Nikapandisha kikomo tena, hatua moja, nyingine, mama anasoma habari za madoa sugu, mpaka baba akawa anarudia maneno yake karibu sambamba naye, kama watu wanaokariri pamoja. Hapo nikaacha. Niliandika namba ile mahali ambapo mashine ikizimwa na kuwashwa itaikuta. Mtego niliuondoa. Neno la siri nilimwachia baba.

Fagio lilibaki fupi. Mpaka leo mama analitumia ameinama, na analilalamikia.

Kaka alifika Jumapili na begi moja na visa vya mwaka mzima. Alianza kabla hajakaa. Alitueleza alivyomsindikiza mkuu wake wa kazi kwenye gari: akamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima, akazunguka, akapanda naye nyuma, wakakaa. Wakasubiri. Mkuu akatazama saa. Kaka naye akatazama saa, akakunja uso, akasema madereva wa siku hizi hawana nidhamu. Mkuu akamgeukia polepole.

Mimi sikumtazama kaka. Nilikuwa nimekodolea kioo kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nilisikia, "Kumbe dereva siku ile ni mimi," na nikaona herufi zikitua, mimi, pale pale, na baba akapasuka. Alicheka pamoja nami na pamoja na kaka, akapiga meza, vipande vya mpini vikaruka, Karani akayumba na kuandika neno lisilo na maana.

Mama peke yake ndiye hakucheka. Hakuwa ameusikia mwisho wa kisa, alikuwa anamtazama baba. Ilibidi kaka amsimulie upya.